Moyo wa Dereva Mpya

Hotuba ya Msimamizi wa Idara ya Usafirishaji mbele ya wanachama na viongozi, siku ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimetakiwa niseme machache juu ya magari ya Chama. Nilipoarifiwa nilidhani mwataka hesabu ya matairi na mafuta, nikaanza kuitayarisha. Lakini hesabu hiyo mtaikuta katika taarifa ya Mhasibu, naye anajua kusoma tarakimu kwa sauti ya kupendeza kuliko mimi. Basi kwa idhini yenu nitasema juu ya mtu anayeshika usukani, na hasa yule anayeushika kwa mara ya kwanza: kijana aliye katika mafunzo, na yule aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kuendesha lori.

Nimemchagua huyo kwa kuwa ndiye tunayempoteza. Lori likiharibika fundi hulitengeneza. Dereva mpya akivunjika moyo huondoka, au hubaki kazini bila moyo, na hilo la pili ni baya zaidi. Asiye na moyo huendesha ili amalize, si ili afike. Nanyi nyote mliokwisha kupita mteremko wa Kitonga, mkachungulia bondeni, mwajua mwisho wa safari za namna hiyo.

Wako wasemao kwamba moyo mkuu ni tabia ya kuzaliwa nayo: huyu ana uso wa furaha, huyu ana uso wa huzuni, na Idara ichague wenye furaha. Mimi sikubali. Nimewaona wachekaji waliotupa ufunguo mezani kabla ya mwezi wa pili, na wanyamavu walioendelea mpaka wakawa ndio wanaotumwa penye mzigo wa thamani. Moyo wa dereva hujengwa kama ghala linavyojengwa, na wajenzi wake ni zaidi ya yeye peke yake. Baadhi yao wameketi hapa mbele yangu.

Wazee mliopo mwaikumbuka barabara yetu hii ya kwenda Dar es Salaam kabla haijatiwa lami. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mwezi wa Novemba 1965, mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia huko yalikatika. Ikawa lazima yapelekwe kutoka Dar es Salaam kwa malori, ndani ya mapipa, juu ya vumbi wakati wa kiangazi na juu ya tope wakati wa masika. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia–Tanzania Road Services kwa kazi ya uchukuzi katika njia hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Lakini malori hayakuondoka barabarani, na mpaka leo hayajaondoka. Wageni wa siku zile waliiita njia hii Njia ya Jehanamu.

Madereva wengi wa zamani hawakuingia darasani. Waliinuka kutoka utingo. Utingo alilala juu ya turubai, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kila gari liliposimama mlimani, akafungua na kufunga kamba, akabadili matairi usiku porini. Siku alipoachiwa usukani, tope na upweke na njaa ya njiani vilikuwa jamaa zake wa siku nyingi. Kilichokuwa kigeni kwake ni usukani tu. Kijana wa leo ni kinyume chake. Amesoma katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, au katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoanza mwaka 1975. Anajua sheria, alama za barabarani, na mfumo wa breki za upepo kuliko wengi waliomtangulia. Usukani si mgeni kwake. Lakini yale mengine yote, yule utingo aliyoyazoea kidogo kidogo kwa miaka, humwangukia huyu katika mwezi mmoja. Nafikiri hapo ndipo ilipo siri ya kuvunjika moyo. Sisemi tuurudishe utingo wa zamani, maana wengi walikaa kiti cha pembeni miaka kumi bila kufundishwa lolote illa matusi. Nasema tumwambie kijana mapema yatakayomkuta, kwa majina yake.

Nianze na kurudi nyuma na tela, kwa kuwa hapo ndipo machozi ya kwanza hutoka, hata ya wanaume wenye ndevu. Katika gari dogo, ukitaka nyuma yako iende kulia, wageuza usukani kulia. Tela hukataa. Ukigeuza kulia, kichwa cha gari huusukuma mkia wa tela kwenda kushoto, na kadiri unavyozidisha ndivyo linavyojikunja, mpaka kichwa na tela vinatazamana kama watu waliogombana. Mwanafunzi aliyekuwa hodari wa gari dogo huona mikono yake mwenyewe imemgeuka. Wenzake wanatazama, mwalimu anatazama, na watoto wa jirani nao hawakosi. Jioni huanza kujiambia kwamba kazi hii si ya kwake.

Mwanafunzi huyo yafaa aambiwe mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyezaliwa akijua kurudisha tela. Kila dereva aonekanaye leo akiliingiza ghalani kama anayefunga droo, alilikunja kwanza kama alivyolikunja yeye. La pili ni la mikono: ashike usukani upande wa chini, kisha apeleke mkono upande ule anaotaka mkia wa tela uende. Aende polepole sana, ageuze kidogo, na akiona mambo yanaharibika asonge mbele, anyooshe gari, aanze tena. Na asione haya kusimamisha gari, kushuka, na kwenda nyuma kutazama. Nimesikia vijana wakichekwa kwa kushuka mara tatu. Anayecheka hatalipa ukuta wa ghala utakapobomolewa.

Ndipo huja habari ya hofu. Kijana wa mafunzo anapopelekwa Kitonga kwa mara ya kwanza akiwa na mzigo, akitokea Iringa, huona barabara inashuka na kujipinda kando ya bonde, malori mengine yanapanda yakinguruma, na nyuma yake kuna tani nyingi zinazotaka kumpita. Wako waalimu humwambia: "Usiogope." Neno hilo halifai kitu. Ukimwambia mtu asiogope umemwongezea mzigo wa aibu juu ya mzigo wa hofu. Mwambie kwa nini aogope, na dawa yake ni ipi.

Sababu ni hii. Breki huzuia gari kwa msuguano, na msuguano huzaa moto. Dereva akikanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu, ngoma za breki hupata joto, hutanuka na kujitenga na viatu vyake, na bitana zenyewe hupoteza uwezo wa kushika. Mguu unakanyaga, gari halitii. Akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, hutumia upepo upesi kuliko injini inavyoweza kuujaza. Dawa yake haipatikani katikati ya mteremko. Hupatikana juu, kabla ya kushuka: apunguze mwendo, aingize gia ndogo, auachie mgandamizo wa injini ufanye sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia gari, na breki aitumie kwa kiasi. Aliyeingia na gia kubwa asitumaini kuipunguza njiani. Huenda ikatoka isiingie nyingine, akabaki na gari lisilo na gia wala breki. Na anapoona lori jingine linampita kwa kasi katika mteremko, ajue kwamba halikumshinda neno lolote.

Kijana aliyeelezwa hivyo hushuka akiwa bado anaogopa, lakini hofu yake sasa ina kazi ya kufanya. Akifika Ruaha Mbuyuni na ngoma za breki zikiwa na joto la kawaida, hapo mtaona uso wake. Furaha ya namna hiyo haitoki katika maneno ya kutia moyo.

Wanachama, sasa naja kwenu, na naomba radhi kwa wale watakaokunja nyuso. Nataka kusema juu ya mizani na lumbesa.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwaka 2019, haitazami uzito wa jumla peke yake. Gari lote na mzigo wake lisizidi tani 56. Lakini pia kila ekseli ina kiwango chake. Ekseli ya mbele yenye usukani ni tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10. Mbili zilizofuatana ni tani 18. Tatu zilizofuatana ni tani 24. Kwa hiyo gari laweza kuwa halali kwa jumla likawa na hatia kwa ekseli, kwa kuwa tu magunia yalirundikwa mbele na nyuma kukaachwa wazi. Dereva mpya hujifunza jambo hilo siku anaposimamishwa, magari mengine yakipita, akaambiwa apange mzigo upya.

Sasa tufanye hesabu ya mahindi. Tuseme gari limepakiwa magunia 280, nayo karatasi yasema kila gunia ni kilo 100. Hizo ni tani 28. Lakini kama kila gunia lina nyongeza ya kilo 7, ile kofia ya lumbesa inayoshonewa kwa kamba juu ya mdomo, basi kuna kilo 1,960 ambazo hazimo katika karatasi: karibu tani mbili. Mkulima hazioni, maana zimegawanyika katika magunia ya watu hamsini. Mnunuzi huziona na kufurahi, kwa kuwa hazilipii. Na dereva huzikuta mizani, peke yake, usiku. Twajua kwamba sheria ya vipimo inakataza lumbesa kwa ajili ya kumlinda mkulima asipunjwe. Mimi naongeza kwamba yamvunja moyo mwanaye pia.

Alikuwako kijana mmoja katika Idara yetu, ambaye sitamtaja jina. Katika mwezi wake wa pili wa kuendesha peke yake alikwenda kupakia katika ghala moja, nalo pia sitalitaja. Alifika asubuhi, karani hakuwapo. Alipofika karani, wapakiaji walikuwa wamekwisha kwenda zao. Alilala garini usiku huo na usiku uliofuata, akitumia posho ya safari ambayo haikupangwa kwa kusubiri. Siku ya tatu alipakiwa kwa haraka, magunia hayakupimwa, naye mgeni akaona haya kuuliza. Mizani ikamkataa. Aliporudi, utani aliokutana nao gerejini ulikuwa mwingi kuliko pole. Kesho yake aliweka ufunguo juu ya meza yangu, akasema kwamba baba yake ana shamba la chai na kwamba huko hakuna mizani ya barabarani.

Sikumpa hotuba. Nilimwomba aeleze safari yote tangu mwanzo, nikaandika. Alipomaliza nilimsomea, na yeye mwenyewe akaona kwamba katika mambo sita yaliyoharibika, moja tu lilikuwa katika uwezo wake: kudai magunia yapimwe. Nilimweka mwezi mmoja zaidi pamoja na dereva mzee, si kwa adhabu, bali ili aone jinsi mzee yule anavyodai. Maana kudai kwa adabu ni ufundi kama ufundi wa gia. Mzee husema, "Shikamoo mama karani, mimi nina haraka ya kwenu, si ya kwangu," kisha huketi mlangoni haondoki mpaka mzani uletwe. Kijana yule bado anaendesha. Hajawa mtu wa kucheka ovyo, wala hatuhitaji acheke.

Yako mambo ya nyumbani pia. Katika mwaka wa kwanza dereva atakosa harusi, ubatizo, maulidi, na mwisho atakosa msiba. Hili la msiba ndilo zito. Sote twajua jinsi kijiji kinavyohesabu nani alichimba kaburi na nani hakuonekana. Kijana yuko Mikumi, katika zile kilomita 50 za barabara inayokata hifadhi, anatazama asigonge nyumbu wala twiga, na simu inaita kwamba baba mdogo amefariki. Kama tunamtaka aendelee kuwa na moyo, kijiji nacho kimhesabu kwa namna nyingine. Mke wake au mama yake akija na rambirambi yake, aandikwe yeye. Na Idara imeweka utaratibu: akifiwa na mzazi, mwenzi wa ndoa au mtoto, dereva mwingine hutumwa kulipokea gari popote lilipo. Gharama yake yaonekana katika taarifa ya Mhasibu, naomba msiipinge.

Kwa dereva mwenyewe nashauri awe na saa maalumu ya kuzungumza na nyumbani, gari likiwa limesimama. Mazungumzo ya kuibia ibia barabarani humtia wasiwasi aliye nyumbani na kumhatarisha aliye garini. Na mwenye nyumba naye achague cha kusema. Habari ya mbuzi aliyepotea yaweza kungoja mpaka arudi.

Juu ya usingizi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hauna hoja. Kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili wa binadamu hutaka kulala, apende asipende. Kahawa yetu, pamoja na uzuri wake, huuahirisha usingizi wala haiufuti. Vile vinywaji vya makopo ni hivyo hivyo. Dawa ya usingizi ni kulala. Dakika ishirini mahali salama zafaa kuliko saa mbili za kujipiga makofi. Nimetambua tena kwamba vijana wengi wanaokuja kwangu wakisema wameichukia kazi, kumbe hawajaichukia. Hawajalala siku nne. Kwa hiyo kabla ya kusikiliza malalamiko huwapeleka kwanza wakalale, na wengine wakiamka husahau walichokuja kulalamikia.

Fedha nazo zina sehemu yake. Mwaka wa kwanza posho huonekana nyingi mkononi na kidogo nyumbani. Hapo ndipo huja mtu wa pembeni ya barabara, mwenye dumu na mpira, akasema lita ishirini za dizeli hakuna atakayezijua. Siku hizi kuna vyombo vya kufuatilia gari na kupima mafuta, hivyo zitajulikana. Lakini hata zisingejulikana, dereva aliyeuza dizeli mara moja hawezi tena kuendesha kwa raha: kila simu ya ofisi humshtua. Nimpendaye ni yule mwenye daftari dogo. Huandika mafuta, chakula, mahali alipolala, na mwisho wa kila siku jambo moja alilolifanya vizuri kuliko jana. Binti mmoja wa mafunzo yetu ya mwaka jana alinionyesha daftari lake. Siku moja aliandika tu kwamba ameingia ghalani kwa mara moja bila kushuka kutazama. Chini yake alipiga mistari miwili.

Kwa viongozi wenzangu wa Chama nina ombi. Dereva mpya akiripoti kwamba gari liliteleza lakini halikuanguka, au kwamba alisinzia akaamshwa na matuta, asiitwe mbele ya kamati. Akiadhibiwa kwa kusema, wa pili hatasema, nasi tutazipata habari kutoka kwa askari wa usalama barabarani. Vilevile mpanga safari asimhimize kwa simu kila saa, "Umefika wapi?" Sheria inaweka mwendo wa kilomita 80 kwa saa kuwa ukomo wa magari yenye uzito uzidio tani tatu na nusu, na kilomita 50 penye makazi ya watu. Safari isiyoweza kukamilika kwa mwendo huo ilipangwa vibaya ofisini, na dereva hana dawa yake. Aliyekaa kitini asimwonee aliyekaa usukanini.

Mwezi ujao, wakati wa kuanza kusafirisha mavuno, vijana sita wataingia barabarani kwa mara ya kwanza, kila mmoja pamoja na dereva mzee, na baada ya miezi mitatu wataachiwa magari. Wawili kati yao ni mabinti, na wote sita ni watoto wa wanachama. Mtawatambua: hao ndio watakaoshuka mara nyingi kutazama nyuma ya tela. Naomba siku watakapofika katika maghala yenu karani awepo tangu saa mbili asubuhi, mzani uwe nje umekwisha kukaguliwa, magunia yawe yamefungwa bila kofia, na wapakiaji wasiondoke kabla turubai halijafungwa. Atakayekuwa na chai ya moto siku hiyo asiwanyime.